Herufi Ninazozishona Usiku

Desemba 15, usiku

Zimebaki siku 10. Mezani kuna vipande 24 vya sabuni vilivyopangwa juu ya karatasi, madaftari 9 ambayo kingo zake bado hazijakatwa, mdoli asiye na uso, na kitambaa cheupe nilichokifunika kwa khanga. Nimekifunika kwa sababu nikikitazama siwezi kushika kazi nyingine. Ngoja niandike kwanza, halafu nitakifunua.

Huu ni mwaka wa tatu natengeneza zawadi za Krismasi kwa mikono yangu. Mwaka wa kwanza nilianza kwa sababu mfuko ulikuwa mwepesi, na anayetaka kuanza kwa sababu hiyo ni haki aambiwe ukweli: huenda asiokoe chochote. Ukijumlisha uzi, mafuta, mizani na vyombo vya mara ya kwanza, unaweza kumzidi matumizi aliyekwenda dukani. Mimi nimeendelea kwa sababu nyingine kabisa. Kitu cha dukani naweza kumnunulia mtu yeyote na kikampendeza. Lakini ukitaka kutengeneza, lazima umjue huyo mtu. Mkono wake una ukubwa gani? Ngozi yake inakataa nini? Jioni akifika nyumbani huwa anafanya nini cha kwanza? Nimejiuliza maswali hayo kuhusu watu ninaowapenda, na mara nyingi nimekosa jibu.

Mama, kwa mfano. Mwaka jana nilimpa sabuni niliyoitengeneza mwenyewe, kipande kikubwa, laini, nilichokinyoosha pembe zote kwa kisu. Alishukuru sana. Mwezi wa tisa nilipokwenda kumwona nikakikuta bafuni juu ya rafu, hakijaguswa. Pembeni yake kulikuwa na soksi iliyofungwa fundo, na ndani ya soksi kipande chembamba cha sabuni ya kawaida.

“Mama, mbona ile sabuni hukuitumia?”

“Nzuri mno, mwanangu. Ila inaniponyoka. Ikishaanguka, kuinama ndiyo kazi.”

Nilikaa kimya. Vidole vyake vimekakamaa, kuvikunja hawezi vizuri, na nimekuwa nikivishika kila ninapomwamkia bila kuona. Ile soksi alikuwa ameibuni mwenyewe, peke yake, bila kumsumbua mtu.

Kwa hiyo mwaka huu nimemtengenezea vipande vidogo vinavyoenea kiganjani, visivyo na manukato, na kila kimoja nimekifumia kifuko cha uzi wa pamba chenye kitanzi cha kutundika. Pamba, si sufu. Sufu ikikutana na maji ya moto, sabuni na msuguano hujikunja na kuwa bumba gumu. Kifuko kinashikika hata mkono ukiwa umelowa, na kikining'inia kwenye bomba hakianguki. Nimekijaribu kwa wiki nzima nikioga huku nimefumba ngumi nusu, ili nijue kinavyokuwa kwa mkono usiokunjika. Kitanzi cha kwanza kilikuwa kifupi, haukupita mkono. Nikafumua.

Sabuni yenyewe haitaki haraka. Niliimwaga kwenye kalibu tarehe 2 Novemba, na jana ilitimiza wiki 6. Sabuni isiyopikwa motoni inahitaji wiki 4 hadi 6 za kukaa kwenye hewa ili maji yapungue na iwe ngumu, ya upole kwa ngozi. Anayetaka kutoa sabuni ya Krismasi aanze kabla watu hawajaanza hata kuitaja sikukuu.

Na hapa nitasema kwa uzito, kwa sababu nimeona watu wakifundishana kwa kukadiria kwa kikombe. Kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, haikadiriwi, inapimwa kwa mizani, kwa gramu. Kila mafuta yana kiasi chake: gramu 1000 za mafuta ya zeituni zinataka takriban gramu 128 za kostiki ukitaka asilimia 5 ya mafuta ibaki bila kugeuka sabuni, lakini uzito huohuo wa mafuta ya nazi unataka karibu gramu 170. Ukibadilisha mafuta bila kubadilisha hesabu, utampa mama yako kitu cha kumchoma. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu joto huja kwa ghafla na mchanganyiko ukakurukia. Hata bila moto, maji hayo huweza kuvuka nyuzi 80. Miwani ya kukinga macho, glavu, dirisha wazi, watoto mbali. Na sufuria ya alumini usiiguse, kostiki huila.

Baada ya hapo ni utulivu. Mafuta na maji ya kostiki vikishapoa hadi kama nyuzi 40 unavikutanisha na kukoroga, na kwa muda hakuna kinachotokea, hadi ghafla mwiko unaanza kuwa mzito. Ukiuinua, tone linaloanguka linaacha mstari juu badala ya kuzama. Nimeuona mstari huo mara nyingi sasa na bado moyo wangu huruka.

Wenzangu wa kazini ni 9. Kwao naamini zawadi iwe ndogo na iwe ya aina moja kwa wote, mkubwa na mdogo, ili asiwepo wa kujiona anadaiwa. Mwaka jana niliwapa mishumaa yenye harufu. Mwezi wa kumi, katika maongezi tu ya mchana, mmoja wao akasema manukato makali humwamshia kipandauso, na siku zikiwa mbaya hulala gizani hadi jioni. Hakuutaja mshumaa wangu. Alinisitiri. Tumekaa meza za kukabiliana kwa miaka minne na sikujua.

Mwaka huu ni madaftari. Karatasi 8 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 32, zinatosha kukaa mfukoni. Nimejifunza kwamba karatasi, kama mbao, ina mwelekeo wa nyuzi: ukiikunja kwa kuufuata inakubali, ukiupinga mkunjo unapasuka na daftari halilali wazi. Matundu ni 3 tu. Sindano inatoka kwa tundu la kati, inarudi ndani kwa la juu, inaruka hadi la chini na kutoka nje, kisha inarejea ndani kwa la kati, na hapo unafunga fundo. Uzi nausugua kwanza kwenye nta ili usijisokote. Kwa siku moja naweza kumaliza matatu nisipokatizwa.

Mdoli ni wa binti wa kaka yangu, ana mwaka mmoja na nusu. Macho nitayatarizi. Vifungo vinapendeza zaidi, lakini vinang'oka, na mtoto wa umri huo kila kitu hukipeleka kinywani.

Kadi nimeziacha za mwisho. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole alikuwa na barua nyingi kuliko muda wa kuzijibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ya kuwatumia watu wengi. Namwelewa kabisa. Hata mimi nilitamani leo niandike salamu moja na kuinakili. Badala yake nimejiwekea sharti kwamba kila kadi iwe na sentensi moja ambayo haiwezi kwenda kwa mtu mwingine. Ya mwenzangu wa kipandauso imenichukua karibu saa nzima. Nimeandika: “Asante kwa kunistahimili pamoja na mshumaa wangu.”

Sasa kitambaa.

Rafiki yangu alifiwa na mama yake mwezi wa sita. Hii ni Krismasi yake ya kwanza bila yeye. Nilifikiria vitu vingi na vyote vilinikaa vibaya mkononi, hadi mdogo wake aliponitumia picha ya karatasi iliyokuwa imesahaulika ndani ya kitabu. Ni ujumbe wa mama yao, aliouacha mezani usiku fulani miaka mingi nyuma: “Chakula kipo jikoni. Funga mlango vizuri. Mama.”

Nimeuchapisha kwa ukubwa wake uleule. Nikaubandika dirishani mchana, kitambaa juu yake, nikafuata kila mstari kwa penseli laini. Tangu wiki iliyopita naushona kwa uzi wa buluu unaofanana na wino wake, kwa mshono wa kurudi nyuma, hatua fupi za milimita mbili ili kona zisipotee.

Sikujua kwamba ukishona mwandiko wa mtu unalazimika kwenda alikokwenda mkono wake. Yule mama alikuwa na haraka kwenye “jikoni”. Herufi zimelala, nukta ya j imeruka hadi juu ya i. Kwenye “vizuri” ametulia. Ameikandamiza kalamu, kama mtu aliyewahi kuukuta mlango huo wazi asubuhi. Neno aliloliandika kwa sekunde mbili nimelikalia usiku mzima, na mimi nilikutana naye mara mbili tu maishani.

Nimemuuliza mdogo wake kama nimpe siku yenyewe, mbele ya watu. Akasema, “Hapana, dada. Mpe kabla, mkiwa wawili, na usimtazame anapofungua. Akitaka kukiweka kabatini bila kukitundika, mwache.” Nitafanya hivyohivyo. Nitampelekea Jumapili.

Limebaki neno la mwisho. Kwenye herufi ya kwanza ya “Mama” wino ulikatika, naye akarudia mguu mmoja wa M kwa mstari wa pili, pembeni kidogo ya ule wa kwanza. Jana nilidhani nitashona mmoja tu, ili herufi ikae safi. Nimeitazama tena sasa hivi. Nitaishona yote miwili.