Tusivuke Mto kwa Daraja la Reli

Mvua zinapokolea katika ukanda wetu wa magharibi, kuanzia Tabora, Urambo na Kaliua hadi Nguruka, Uvinza na Kigoma, mabonde hujaa maji, njia za vijijini hukatika, na tuta la reli hubaki kuwa njia pekee iliyo kavu. Ndipo watu wanapohamia huko: wanafunzi walioshika viatu mkononi, akina mama wenye mizigo ya sokoni, vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya mkaa, na wachungaji wanaofuata majani mabichi yanayoota pembeni. Ninaishi karibu na reli, na nina wapwa wanaosoma upande wa pili. Sentensi ninayoisikia kila ninapowaonya watu, nayo hunitia hofu kuliko honi yenyewe, ni hii: “Leo hakuna treni.”

Msemaji huwa anafikiria treni ya abiria, ambayo huja siku chache kwa wiki na kila mtu anaijua siku yake. Lakini treni ya mizigo inayopeleka shehena bandarini Kigoma, kwa ajili ya Burundi na Kongo, haimtangazii mtu wa kijijini saa yake. Treni ya abiria iliyochelewa njiani inaweza kupita alfajiri badala ya jioni. Kichwa cha treni huweza kusafirishwa peke yake bila behewa hata moja. Kisha kuna kiberenge cha mafundi wanaokagua njia: ni kidogo, hakina kishindo cha treni, kinaweza kutokea upande wowote, na kikimgonga mtu kinaua vilevile.

Wengine husema wataisikia. Masikio nayo hudanganya, kwa sababu sauti kubwa ya treni tunayoizoea ni ya treni inayotupita ubavuni, wakati ile inayokujia kwa mbele huwa hafifu zaidi, hasa upepo ukivuma kuelekea kwake. Kutoka Tabora kwenda Kigoma reli inateremka mamia ya mita hadi usawa wa ziwa, na treni inapoteremka injini haina haja ya kunguruma. Mtu aliyeziba masikio kwa spika za simu amejinyima hata hicho kidogo kilichobaki.

Pa hatari kupita pote ni darajani. Niliwahi kusimama kando ya daraja dogo upande wa Uvinza nikimwangalia mama mmoja akilivuka na ndoo ya mawese kichwani. Mwenye mzigo kichwani haangalii miguu yake. Huipapasa njia kwa nyayo. Darajani hakuna kokoto zilizojaza nafasi kati ya taruma na taruma, yaani vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli, hivyo kila hatua ina uwazi ambao maji yanaonekana chini yake, na mataruma yalikuwa yameloa. Alikuwa amevaa kandambili. Kila alipofikisha mguu mbele alisimama kidogo, akahakikisha, ndipo akauinua wa nyuma. Alipofika kwetu nilimwamkia, nikamuuliza kama haogopi. Akaniitikia, “Marahaba, mwanangu,” kisha akauliza, “Sasa nipite wapi?”

Nitalirudia swali lake, lakini kwanza tupige hesabu. Mtu anayetembea juu ya mataruma kwa uangalifu hawezi kuzidi mita moja kwa sekunde. Daraja la mita 100 litamchukua dakika moja na sekunde 40. Treni inayokwenda kilomita 50 tu kwa saa, mwendo ambao hakuna atakayeuita wa kasi, hukata karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo katika muda huohuo itakuwa imekwenda takriban mita 1,400. Maana yake ni kwamba treni iliyo zaidi ya kilomita moja nyuma ya kona, usiyoiona wala kuisikia unapokanyaga taruma la kwanza, itakukuta hujamaliza daraja. Wala hakuna pa kujibanza: chuma na chuma vimepishana mita moja tu, lakini behewa ni pana kuliko hapo na hujitokeza kila upande kwa zaidi ya nusu mita. Anayekimbia juu ya mataruma yenye nafasi huteguka, na anayejitupa chini hajui kama ataangukia maji au mawe.

Dereva hawezi kumwokoa. Magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma hayashiki kama matairi juu ya lami, na nyuma ya kichwa kuna mamia ya tani zinazosukuma. Akifunga breki zote mara tu akuonapo, treni bado itaendelea kuserereka kwa mamia ya mita, na hawezi kukukwepa kwa kupinda pembeni. Atabaki kupiga honi na kuangalia, na nadhani hatuwafikirii vya kutosha madereva wanaoishi na picha hizo.

Stesheni nako kuna mazoea mabaya. Wauzaji wa asali, maembe na karanga, wengine watoto, hupita chini ya mabehewa yaliyosimama ili wafike madirishani upande wa pili. Treni iliyosimama si treni iliyozimwa. Kichwa kikivuta kidogo, behewa lililo mbali husogea ghafla bila dalili.

Sasa swali la yule mama. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na makazi mengi yamekua kwa kuifuata, hivyo shule ikawa upande huu na nyumba upande ule. Kumwambia mtu kwamba kutembea relini ni kosa kisheria, bila kumwonyesha pa kupita, ni kumwacha palepale. Naamini halmashauri zetu na shirika la reli wanapaswa kukaa pamoja na kujenga vivuko vya miguu kando ya madaraja yanayotumiwa zaidi na watu. Wenyeviti wa vijiji wanayajua yote kwa majina.

Jambo hili linazidi kuwa la haraka kwa sababu reli mpya ya kisasa inajengwa kuja huku. Treni zake za umeme, zinazokwenda tayari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, hufikia kilomita 160 kwa saa, yaani zaidi ya mita 44 kila sekunde, na hazina mngurumo tuliouzoea. Waya zilizo juu yake zina umeme wa volti 25,000, unaoweza kumrukia mtu aliyezisogelea hata kabla hajazigusa.

Kwa sasa, wapwa zangu nimewafundisha hivi: kuvuka reli kwa kuikata moja kwa moja mahali ambapo wanaona mbali pande zote mbili, kutopita darajani hata kama wenzao wote wanapita, na mto ukifurika kubaki nyumbani. Siku hizo mimi humpigia mwalimu wao simu asubuhi kumweleza, na hajawahi kuwaadhibu.