Anatafuna kulia, kushoto kunavuta

Mimi ni tabibu wa meno, na nina tabia inayowaudhi wanangu: mtu akila mbele yangu, namkodolea mashavu. Juzi barazani kijana wa jirani alikuwa anamenya muwa kwa meno, kahawa yangu ikapoa hivihivi.

Wengi hudhani taya hupanda na kushuka tu. Mtazame kwa mbele mtu anayetafunia kulia. Kidevu kinashuka, kinakwenda kulia, kisha kinapanda kikirudi katikati huku magego yakisaga. Na kinachokipeleka kulia ni msuli wa kushoto! Unaitwa terigoidi ya pembeni, umejificha ndani, nyuma kule juu ya magego. Ukikaza, unaivuta mbele na chini ile ncha ya taya iliyo karibu na sikio la kushoto. Ncha ya kulia haiendi mbali, inajizungusha tu. Weka vidole mbele kidogo ya masikio yako, utafunie upande mmoja; utausikia mchezo wote.

Nguvu ya kufunga inatoka kwingine. Weka kiganja shavuni, uma meno: kile kinachotuna ni masseta. Panda panjani, uma tena, hapo utaikuta temporalisi; nyuzi zake za mbele huinua taya, za nyuma hulirudisha nyuma. Ndani ya taya kuna terigoidi ya kati, ambayo huwezi kuipapasa kirahisi. Hiyo na masseta huipakata pembe ya taya, mmoja ndani mwingine nje, kama mbeleko. Pande zote mbili hufunga pamoja, ila upande wenye tonge huvuta zaidi. Chakula kikiwa kigumu, upande wa pili nao huongeza nguvu. Ndiyo maana ukila muwa mwingi unachoka mashavu yote mawili. Misuli ya kufungua, iliyo chini ya kidevu, ni midogo, na sioni ajabu: taya lenyewe ni zito, linataka kushuka.

Mwendo wenyewe hupangwa kwenye shina la ubongo, kwa hiyo unaweza kula huku unapiga umbea bila kuhesabu. Lakini kutana na kijiwe kwenye wali! Mizizi ya meno imezungukwa na neva zinazopima mgandamizo, na kabla hujasema lahaula misuli ya kufunga imeshalegea.

Kitu kimoja husahaulika hata na wenzangu wa kazi: shavu. Tonge halikai lenyewe juu ya magego. Ulimi hulisukuma kutoka ndani, na msuli wa shavu, buksineta, hulirudisha kutoka nje. Misuli ya kutafuna inatumia neva moja, buksineta neva nyingine, ile ya uso. Bi mkubwa mmoja alikuja kwangu mdomo umekwenda upande. “Dokta, meno mazima, nauma vizuri, lakini wali unajificha shavuni.” Nikampa kijiti cha mbao aume, akakishika barabara. Kisha nikamwambia apulize mashavu. Upepo ukatoka upande ule uliolegea. Meno yake sikuyagusa. Nilimwandikia barua aende hospitali kwa ajili ya neva, na kwa sasa atafunie upande mzima, akimaliza apitishe kidole shavuni kisha asukutue.