Usumba kwenye kinamo

Nyumba ya mjomba wangu, nje kidogo ya Wete, Pemba, iko kwenye mteremko, na ukingo wa nyuma ya jiko ulikuwa ukiporomoka kila masika. Udongo wake ni kinamo, ule mzito unaonata; kikinywa maji huvimba na kulegea. Jua likikiwakia husinyaa na kupasuka, na kupitia nyufa hizo mvua zijazo huingia hadi ndani. Mjomba alishachoka kuzoa tope.

Nilikuwa likizo, nasomea ujenzi, nikamwomba tujaribu kuujenga upya kwa udongo uliochanganywa na usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Hakutaka. "Usumba ni wa kamba, mwanangu." Aliyenielewa ni mkaza mjomba, kwani yeye ndiye aliyezoea kufukia makumbi pwani, kuyaacha miezi kwenye tope la chumvi, kisha kuyafukua na kuyaponda. "Kitu kisichoozeshwa na bahari, udongo utakiweza?" Alisema kweli: usumba una lignini nyingi, ile sehemu ngumu ya mmea isiyooza upesi, hivyo hudumu kuliko katani au majani makavu.

Akatupa nyuzi fupi zisizosokoteka. Tukafinyanga matofali, mengine ya kinamo kitupu, mengine yenye usumba, tukayaanika. Yale matupu yalipasuka vibaya. Mjomba akalivunja lenye usumba kwa mikono. Likakatika, lakini vipande havikuachana. Akaenda kuleta jembe.

Kazi yenyewe hasa ni kuchanganya. Usumba ukimwagwa wote kwa pamoja hujifunga mafundo, na penye fundo pana udhaifu, kwa sababu uzi hufanya kazi pale tu udongo unapoukamata pande zote. Basi tulikaa tukiuchambua, tukiunyunyiza kidogo kidogo huku vijana wakikanyaga. Hata kilo 1 haikufika kwa kila kilo 100 za udongo mkavu. Ukizidi, nyuzi hugusana zenyewe kwa zenyewe na udongo haushindiliki. Maji nayo tuliyabania: udongo ufinyangike, usiwe uji. Tulishindilia tabaka nyembambanyembamba, na juu tukachimba mfereji, maana usumba hauzuii maji kupita.

Masika yalinikuta Unguja. Mjomba alipiga simu: pembe moja imemeguka, pale majani ya mwembe yalipoziba mfereji. Kwengine kote ukingo umesimama. Jirani yake anataka kujua apate wapi nyuzi fupi, naye keshamwambia asubiri, zilizopo mkaza mjomba ameiwekea ile pembe.