Majimaji haikuanza na maji

Watu wakisikia Majimaji, vile vita vya kumpinga Mjerumani, wanakimbilia stori ya mganga Kinjikitile na dawa yake ya maji, eti wazee wetu waliamini risasi zitageuka maji, basi wameishia hapo. Dini ilikuwepo sawa, bila ile dawa yake ya kule Ngarambe sidhani kama Wamatumbi na Wangoni wangepigana na adui mmoja, ila cheki Julai 1905 kule Nandete, Umatumbini, walianzia wapi: waling'oa pamba!! Yaani unalimishwa pamba kwa lazima, malipo kiduchu, shamba lako la chakula linaliwa na nguruwe, halafu Mjerumani anataka kodi kwa rupia, na akida mwenyewe, yaani msimamizi aliyewekwa na Mjerumani, mtu wa kuletwa tu, kiboko mkononi. Mi naiweka pamba mbele ya vyote. Jibu la Mjerumani lilikuwa kuchoma mashamba na maghala, njaa ikaua wengi kuliko bunduki.