Siku moja maishani mwangu: zamu ya mapokezi katika hoteli ya nyota mbili, Ferrara

Ferrara ni mji wa Italia wenye wakazi wapatao 130,000 kwenye njia ya reli itokayo Bologna kwenda Padova na Venezia. Hoteli ya bei nafuu hapa ina vyumba vichache, na kwa sehemu kubwa ya siku ina mtu mmoja tu anayepokea simu, anayeoka mikate, anayetoa funguo na anayewaandikisha wageni polisi. Ukishalijua hilo, unaelewa kwa nini jambo lililoshindikana saa 2 asubuhi linafanyika saa 5 bila shida. Saa ninazotaja ni za Kiswahili. Kwenye tangazo la hoteli na kwenye tiketi ya treni, saa 8 mchana imeandikwa 14:00.

Saa 12:15 asubuhi

Kwanza mashine ya kahawa, kwa sababu inahitaji karibu nusu saa kushika joto sawasawa. Kisha tanuri. Cornetti, vile vimkate vya siagi vyenye umbo la mwezi mwandamo, hufika zikiwa zimegandishwa na zimeshaumuka, kwa hiyo hutoka kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye trei, dakika 20 hivi kwa nyuzi 180. Zikiingia kabla tanuri halijapata moto, siagi huyeyuka na kuvuja kabla unga haujainuka, na zinatoka bapa. Zikiwa ndani, nachapisha orodha ya siku: wanaoondoka, wanaobaki, wanaoingia.

Saa 1 hadi saa 4 asubuhi: kifungua kinywa

Usitegemee mayai wala chapati. Kifungua kinywa cha Kiitaliano cha bei hii ni kitamu cha sukari: cornetti, mikate mikavu ya kupaka jemu, mtindi, juisi, kapuchino. Pembeni kuna sahani ya jibini na nyama baridi. Kwa msomaji Mwislamu: prosciutto, salami na mortadella za hapa ni nguruwe. Bresaola ni ng'ombe, ingawa si ya halali kwa uchinjaji. Tena uangalie mkate wenyewe. Ule mkate maarufu wa Ferrara uliosokotwa pembe nne, coppia ferrarese, hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, na jambo hilo huwezi kulijua kwa kuutazama. Uliza kama upo mkate wa kawaida; karibu kila mara upo.

Msongamano ni kati ya saa 2 na saa 3. Mwenye treni ya alfajiri aseme jioni ya kuamkia siku hiyo, atafungiwa kitu cha kubeba. Asiposema, baa iliyo jirani na stesheni itamfaa, ila kahawa ya kunywa umesimama kaunta ina bei yake na ya kuketi mezani ina bei nyingine, mara nyingi kubwa zaidi.

Saa 3:30 asubuhi: wanaoondoka

Kuondoka ni kabla ya saa 5. Hapa ndipo yanapozuka mabishano, na mengi yanatokana na kodi ya ukaaji. Sheria ya mwaka 2011 iliziruhusu halmashauri za miji kumtoza mgeni kiasi fulani kwa kila usiku na kila kichwa. Kiasi hubadilika kwa mji na kwa idadi ya nyota, na mara nyingi hakimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Si ujanja wa hoteli, fedha hizo zinakwenda manispaa. Watoto huwa wanasamehewa, lakini umri wa mwisho kila mji unajipangia. Bango lenye viwango liko mapokezini. Lisome siku unayofika.

Aliyekuja kwa kazi na anataka ankara ya kampuni, fattura, aseme kabla ya kulipa, siyo baada. Risiti ikishatolewa, kuigeuza kuwa fattura ni kazi ya ziada kwa mhasibu, na nyumba nyingine hukataa kabisa.

Kuhusu kadi: hoteli ikizuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana, fedha hiyo haijachukuliwa, lakini huwezi kuitumia. Kwenye kadi ya akiba au ya kujazia, kuachiwa kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa. Njoo na kadi mbili. Na kadi ya mtandaoni iliyo kwenye simu tu, kama ile ya M-Pesa, inafaa kulipia nafasi mapema, lakini mashine ya mezani inaweza kudai kadi ya plastiki.

Mizigo tunaibakiza bure hadi jioni. Toa pasipoti, dawa na kompyuta kwanza. Chumba cha mizigo kina kufuli moja na watu wengi.

Saa 4:15 asubuhi: vyumba

Chumba cha anayeondoka huchukua nusu saa, cha anayebaki robo saa. Vinaanza vya wanaoondoka, ndiyo maana kubisha saa 4 ukidai chumba chako kisafishwe sasa hivi hakusaidii. Kikubwa ni kuliondoa lile bango la kutosumbuliwa mlangoni kabla ya kutoka.

Utaratibu ni huu: dirisha wazi, mashuka na foronya chini, dawa ya bafuni inapuliziwa mapema ili ikae kwenye chokaa ya maji wakati kitanda kinashughulikiwa. Shuka likishatoka na kabla jipya halijatandikwa, godoro linakaguliwa. Unainua kona ya upande wa kichwa, unafunua mshono kwa kidole gumba na kumulika tochi ndani ya mkunjo. Kunguni huacha vidoa vyeusi vidogo mithili ya alama za ncha ya kalamu, pamoja na maganda mepesi ya rangi ya kahawia. Baada ya mshono ni nyuma ya ubao wa kichwani, kisha matundu ya skrubu. Mgeni anaweza kufanya hivyohivyo kwa dakika mbili kabla ya kufungua begi, na begi likae kwenye stendi yake, lisipande kitandani. Ukiona dalili, usihamie chumba cha jirani na mizigo yako kimyakimya. Sema mapokezini, upewe chumba cha ghorofa nyingine, na nguo zifuliwe kwa nyuzi 60. Hili halina uhusiano na idadi ya nyota. Kunguni husafiri na mabegi, na hoteli ya bei kubwa nayo huwapata.

Malalamiko ya pili kwa wingi ni harufu bafuni. Chini ya kila sinki na kila shimo la bafu, bomba lina mkunjo unaoshikilia maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya mtaro. Chumba kikikaa tupu siku kadhaa katika joto la Julai, maji yale hukauka. Fungulia sinki, bide (beseni la chini la kujisafishia baada ya choo) na bafu, dakika moja kila kimoja, uache dirisha wazi, harufu inaisha. Ikirudi siku hiyohiyo, kasoro iko kwenye bomba lenyewe na una haki ya kuomba chumba kingine. Sisi hufungulia mabomba ya vyumba vitupu kila wiki, moto na baridi, hasa kwa sababu ya bakteria wa lejionela wanaoota kwenye maji yaliyotuama.

Na bide yenyewe ni neema kwa watu wa pwani. Amri ya wizara ya mwaka 1975 ilitaka kila nyumba iwe na bafu moja angalau lenye bide, kwa hiyo bafu la hoteli lisilo nayo ni nadra. Taulo ndogo iliyotundikwa kando yake ni ya hapo, si ya uso.

Saa 5:15 asubuhi hadi saa 10 alasiri

Zamu yangu imekatwa vipande viwili, jambo la kawaida kwenye nyumba ndogo. Mwenye hoteli anashika mapokezi. Mji nao unapumzika: maduka mengi madogo hufunga mchana, na jiko la mgahawa hutoa chakula kuanzia saa 6:30 hadi saa 8:30, kisha hakuna hadi jioni. Anayetua saa 9 na njaa atapata baa, duka kubwa au kipande cha piza.

Ni saa nzuri ya baiskeli. Kuta za Ferrara zina mzunguko wa kilomita 9, na juu yake kuna njia tambarare yenye kivuli. Hoteli nyingi huazima baiskeli au hukodisha kwa bei ndogo. Mnyororo upite kwenye fremu na kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini; ukifunga gurudumu peke yake, utarudi ulikute gurudumu peke yake.

Saa 10 alasiri: wanaoingia

Treni za Bologna huleta watu kwa mafungu. Aliyetua uwanja wa ndege wa Bologna hupanda reli ya juu, dakika 7 hadi stesheni kuu, halafu treni ya Ferrara. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, vinginevyo ni faini hata kama umelipa.

Naomba pasipoti ya kila mtu, ile halisi. Picha kwenye simu haitoshi, wala kitambulisho cha taifa cha Kenya au Tanzania. Ninaingiza taarifa kwenye mfumo wa polisi uitwao Alloggiati Web ndani ya saa 24 tangu mgeni afike, na kwa anayelala usiku mmoja ndani ya saa 6. Kuchelewa ni kosa la jinai la mwenye nyumba, kwa hiyo usichukulie kuwa unashukiwa. Lakini pasipoti haina sababu ya kulala mapokezini. Dakika chache zinatosha, irudishwe mkononi mwako.

Hapa pana jambo ambalo wageni wengi kutoka Afrika Mashariki hawaelezwi. Ukiingia Italia ukitokea nchi nyingine ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti kati yao, kwa mfano umetua Amsterdam au Paris kwanza, sheria ya mwaka 2007 inakutaka utoe taarifa ya kuwepo kwako ndani ya siku 8. Anayekaa hotelini huitimiza kwa fomu anayoisaini mapokezini. Omba nakala yako na uiweke na pasipoti, kwa sababu ndiyo ushahidi wako polisi wakiuliza. Tunaitoa kwa furaha, ila wanaoiomba ni wachache mno.

Kisha kitanda. Matrimoniale ni kitanda kimoja kikubwa cha wawili, doppia ni vitanda viwili. Mitandao ya kuuza vyumba huvichanganya, na ndugu wawili hujikuta kitanda kimoja. Tuma ujumbe siku moja kabla. Vitanda vingi ni viwili vilivyounganishwa, na kuvitenganisha kabla ya kutandika ni kazi ya dakika tano. Uliza pia kuhusu lifti. Majengo ya katikati ya mji ni ya kale, na nyumba nyingine zina ngazi tupu hadi ghorofa ya tatu.

Wenye gari nao: katikati ya Ferrara, kama miji mingi ya Italia, ni eneo la magari machache, ZTL. Kamera husoma namba za magari mlangoni, hakuna kizuizi wala askari, na ramani ya simu yako itakupitisha humo bila wasiwasi. Tupe namba ya gari kabla hujafika, tuisajili. Usipofanya hivyo, faini inaanzia euro 80 hivi kwa kila kupita, inafika miezi mingi baadaye, na kampuni iliyokukodisha gari huongeza gharama yake ya kutoa jina lako.

Saa 11:30 jioni: simu za vyumbani

Ya kwanza ni plagi. Ile yetu ya miguu mitatu bapa haiingii popote. Nunua adapta yenye miguu miwili myembamba ya mviringo, inaingia karibu kila soketi ya Italia. Ile nene ya Kijerumani hugoma kwenye soketi ya matundu matatu yaliyopangwa mstari.

Ya pili ni umeme kukatika chumba kimoja. Kikausha nywele na pasi au birika ulilokuja nalo, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, vinazidi uwezo wa saketi. Chomoa kimoja kwanza, ndipo urudishe swichi kwenye kisanduku kando ya mlango. Maji ya moto ya chai tunatoa wenyewe ukiomba.

Ya tatu ni kiyoyozi kisichopoza mwezi wa Aprili au Oktoba. Nyumba nyingi zina mfumo wa mabomba mawili: maji yanayozunguka jengo zima ni ya moto au ya baridi, hayawezi kuwa yote mawili. Rimoti itakuonyesha nyuzi 18 na hewa itabaki vuguvugu. Fungua dirisha. Kiangazi usilifungue jua linapozama, kwa sababu bonde hili la mto Po lina mbu wengi. Funga vioo kabla giza halijaingia, na mchana funga mbao za nje ili jua lisipashe chumba.

Na kamba inayoning'inia bafuni si ya taa. Ni kengele ya dharura, na ikivutwa mtu anapanda mbio.

Saa 1:30 usiku

Migahawa inafungua. Kwenye bili kutakuwa na coperto, euro moja hadi tatu kwa mtu, ya mkate na kitambaa cha meza. Lazima iwe imeandikwa kwenye menyu. Cappellacci za Ferrara, pasta iliyokunjwa kama vifuko, zina boga na jibini ndani. Asiyekula nguruwe aziagize kwa siagi na majani ya seji, asichukue ile ya mchuzi wa nyama.

Hakuna mlinzi wa usiku. Mlango mkubwa hufungwa, na kila mgeni ana namba ya siri au ufunguo wake. Kwa hiyo kazi ya mwisho kabla ya kuondoka ni kuipitia orodha, kuona nani hajafika, na kumpigia. Asiyepokea simu tunamwachia bahasha yenye ufunguo tu kama ametutumia jina, saa ya treni na namba inayopatikana. Bila hayo atasimama nje akipiga kengele ya mapokezi yasiyo na mtu. Ujumbe wa mistari miwili kutoka uwanja wa ndege unatosha, na utumwe kabla ya saa 1.