Nilivyouelewa mpira wa Wamarekani kwa kumfuatilia Dick LeBeau

Nilipohamia Ohio, sheria za futiboli yao sikuchelewa kuzijua: timu inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10, ikishindwa inauachia mpira. Kuuelewa mchezo wenyewe ndiko kulikonichukua muda. Kilichonifungua macho ni kuacha kuufuata mpira na kuwatazama wanaolinda, nikiongozwa na kazi ya mtu mmoja, Dick LeBeau.

Ni mzaliwa wa mji mdogo wa humu humu jimboni, nao unaitwa London. Alikuwa beki wa Detroit Lions kuanzia 1959 hadi 1972, akanyaka pasi za wapinzani mara 62. Kisha akaingia ukocha, asiuache mpaka alipotimiza miaka 80.

Alama yake kubwa aliiweka Cincinnati Bengals miaka ya 1980. Kawaida, ukitaka kumvamia kwotabeki, yule anayerusha pasi za wapinzani, unatuma watu wengi, na nyuma kunabaki wazi. LeBeau alikuwa akimtuma beki wa nyuma ambaye hakuna aliyemtarajia, huku jitu la mstari wa mbele, lililodhaniwa litavamia, likirudi kulinda pasi. Idadi ya wavamizi haiongezeki, ila kwotabeki hajui nani anakuja. Mbinu hiyo ndiyo zoni bliti.

Nilijifunza kwa mechi za Pittsburgh Steelers za msimu wa 2008, alipokuwa kocha wao wa ulinzi, na hakuna timu iliyofungwa pointi chache kuliko wao. Kila mara kabla mpira haujarushwa nyuma kuanzisha shambulio nilisimamisha video, nikabashiri nani atakuja na nani atarudi, ndipo nikaiachia. Beki wao Troy Polamalu alinisumbua kuliko wote; hatulii mahali pamoja. Taratibu nikaanza kuwasoma kwa jinsi walivyosimama na walikotazama.

Fainali ya Februari 2009 dhidi ya Arizona Cardinals nimeirudia mno. Kipindi cha kwanza kinaisha, Cardinals wako mlangoni kabisa. James Harrison wa Steelers anajifanya anavamia, anarudi hatua chache, anainyaka pasi ya kwotabeki wao, Kurt Warner, na kukimbia yadi 100 hadi kufunga. Steelers walishinda 27–23.

LeBeau alipokuwa kocha mkuu wa Bengals, 2000 hadi 2002, alipoteza mechi nyingi, na wapo wanaompimia hapo. Mimi simpimii hapo. Mwaka 2010 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashuhuri kule Canton, lakini kwa uchezaji wake. Kwangu, ukocha ule wa ulinzi peke yake ulitosha kumfikisha.