Jumamosi ya barua

Saa kumi na moja na nusu alfajiri upepo wa Singida tayari uko kazini. Unapiga bati la jirani lililoachia msumari, na hiyo ndiyo kengele yangu; alamu ya simu naiweka kwa heshima tu. Chai ya rangi, kiazi cha jana, namgongea mdogo wangu aje kufunga mlango, natoka.

Dereva wa bodaboda ananijua. "Anti, leo ndiyo siku ya zile picha mnazowapelekea Freemason?"

Anatania, ila utani huo una mizizi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja alimficha mwanawe uvunguni tulipokwenda kumsajili. Mtaani ilikuwa inasemwa kwamba mtoto akishapimwa urefu na uzito na kupigwa picha, basi jina limeingia kitabuni na damu imeshauzwa. Mtoto yule yuko kidato cha pili sasa, na mama yake ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mkali kuliko sisi wote kwa mzazi anayechelewesha mtoto.

"Picha bado," namjibu dereva. "Leo ni barua."

Ninafanya kazi kwenye kituo cha huduma ya mtoto, chini ya kanisa moja pembezoni mwa mji, huu ni mwaka wa sita. Watoto wetu ni 230, na kila mmoja ana mfadhili wake ng'ambo anayetoa takriban dola 40 kwa mwezi. Pesa hiyo haimfikii mtoto mkononi, na hapo ndipo maneno mengi ya mtaani yanapoanzia. Inageuka kuwa uji, sare, daftari, kadi ya bima ya afya, mshahara wangu pia. Mimi ndiye mtumishi wa jamii, na mafaili ya barua za watoto na wafadhili wao yako chini yangu. Majina ya watoto siyaandiki hapa. Sera ya ulinzi wa mtoto inakataza, na hata isingekataza nisingeandika.

Saa moja kamili nafika. Mama wapishi wameshawasha kuni na uji wa lishe unachemka. Ofisini naanza kwa kufuta vumbi mezani, kazi ambayo Singida haiishi. Ukutani kuna Yakobo 1:27, ule mstari wa kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Fundi aliyeuchora aliishiwa ukuta, kwa hiyo maneno "pasipo mawaa" yamebanana juu ya swichi ya taa, na kila anayewasha taa huyapaka uchafu wa vidole.

Saa mbili watoto wanaingia na shikamoo zao, mia mbili na kitu, hadi marahaba inakauka kooni. Kuhesabu, kusaini, kumrudisha aliyemleta mdogo wake asiyesajiliwa. Hapo huwa sina moyo. Yule mdogo anapewa kikombe cha uji, halafu tunajifanya hatukumwona.

Saa tatu unafunguliwa mfuko wa barua kutoka Arusha, zikiwa zimeshatafsiriwa. Sijui namna ya kueleza ukimya unaoingia. Watoto ambao dakika moja nyuma walikuwa wanavutana mashati wanakaa kwenye mabenchi kama wako kwa daktari. Ninasoma namba, mtoto anakuja, anapokea kwa mikono miwili.

Mvulana wa darasa la tatu amepata barua kutoka Korea Kusini, imebandikwa vipande vya theluji vinavyong'aa. Mfadhili anauliza: kwenu theluji huanguka mwezi gani? Kijana akafikiri, akaandika kwamba kwetu theluji hakuna, kuna mawe. Mwalimu wa kujitolea alitaka kumsahihisha, nikamzuia. Atazame dirishani, Singida nzima imekaa juu ya mawe. Basi, akitaka, aongeze kwamba siku nyingine mvua nayo huleta mawe.

Barua ya kutoka Korea hunigusa kwa sababu ya historia. Moja ya mashirika makubwa ya kazi hii, Compassion, lilianza mwaka 1952 pale mhubiri wa Marekani, Everett Swanson, alipowakuta yatima wa vita mitaani huko Korea. Waliokuwa wanaandikiwa barua wakati ule ni Wakorea. Leo ni wao wanaomuuliza mtoto wa Kinyaturu habari za theluji.

Kisha kuandika. Masharti ni haya: usitaje kijiji wala namba ya simu, usiombe kitu, jibu ulichoulizwa, shukuru. Wadogo wanachora, sisi tunawaandikia. Wakubwa wanaandika wenyewe, na wakubwa ndio wenye kazi, kwa sababu wameshajifunza lugha ya barua. "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako." Barua arobaini zinaanza hivyohivyo. Naudhika nazo, ingawa mimi mwenyewe shuleni niliandika hivyo miaka yote, na sikumbuki kama nilikuwa na hofu hata moja.

Kwenye benchi la mwisho yuko binti wa miaka kumi, darasa la nne. Ana mfadhili kwa miaka minne, na ndani ya miaka hiyo minne hajapata barua. Hata kadi ya Krismasi. Mchango wake unaingia kila mwezi bila kukosa, kama mshahara wa serikali. Kwenye mfumo kuna jina tu, na ni jina ambalo hata mimi siwezi kukuambia ni la kiume au la kike.

Wako wengi wa namna hiyo. Na mimi, baada ya miaka sita, nimefika mahali ambapo bosi wangu hakubaliani nami: naona mfadhili asiyeandika ametoa nusu. Mratibu husema, Anti, tumbo halisomi barua. Ni kweli. Kwenye semina tulionyeshwa utafiti wa mwaka 2013 wa Bruce Wydick na wenzake wawili. Walifuatilia watu zaidi ya 10,000 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, wakaona waliofadhiliwa wamekaa shuleni zaidi ya mwaka mmoja kuliko ambavyo wangekaa. Mwaka mzima wa shule si kitu kidogo. Lakini utafiti ule haukuketi nami kwenye benchi la mwisho Jumamosi ya barua.

Binti huwa anamchora mfadhili wake. Mwaka juzi alimchora mwanaume mwenye kofia. Mwaka jana mtu mrefu mwenye nywele za njano, nadhani aliiga kwenye barua ya mwenzake. Leo amemchora mwanamke, na kichwani amemvika mtandio wa maua. Bibi yake huvaa mtandio wa namna hiyo. Ni Waislamu, kama familia nyingi za kituoni, na hakuna aliyewahi kuwaambia wabadili.

Chini ya mchoro ameandika mistari mitatu ya kawaida: shule, mvua, rafiki yake. Mstari wa nne una neno moja.

"Upo?"

Nikamtazama. Hakunitazama, alikuwa anapaka rangi ua la mwisho la mtandio. Nikachukua karatasi, nikaiweka kwenye faili la kijani bila kusema kitu.

Saa sita ni wali na maharage. Wanakula, wanaosha sahani, wanacheza, mmoja anaumia goti, wanaondoka. Saa saba hivi uwanja umebaki na viatu vya watu wasiojulikana.

Bibi amekaa chini ya mwarobaini tangu saa tano. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, twende, mbuzi wazuri huisha mapema."

Kilichotokea ni kwamba mfadhili wa mjukuu wake, yule yule asiyeandika, ametuma zawadi ya familia. Shilingi 310,000. Imekuja na kiasi na tarehe, hakuna neno. Utaratibu wetu ni kwamba fedha hatukabidhi. Tunakaa na familia, wanasema wanachohitaji, tunakwenda kununua pamoja. Bibi alisema mbuzi wawili majike na gunia la mahindi. Mratibu alipendekeza godoro. Bibi akamuuliza kama godoro linazaa.

Mnadani niliona nimechagua vizuri: mbuzi mweupe, mnene, amesimama kifalme. Bibi hata hakumgusa. Akaenda kwa mwembamba wa kahawia, akamkamata taya, akamfunua mdomo, akahesabu meno ya mbele kwa kidole gumba. Akapapasa kiwele, taratibu, upande huu na ule, kama anayetafuta sarafu kwenye pindo la kanga. Akamwinua mguu wa nyuma, akanusa kwato. "Huyu bado binti," akasema. "Yule wako mweupe amechoka kuzaa, ananenepeshwa auzwe."

Muuzaji alianzia 140,000. Alipomwona bibi ameshageuka kuondoka, tukafunga kwa 105,000 kila mmoja.

Sasa risiti. Mhasibu wetu anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila kitu, na mwenye mbuzi hajawahi kuwa na mashine maishani mwake. Mwenye mashine pale ni mkusanya ushuru wa halmashauri, na kimashine chake cha POS cha kutolea risiti. Kwa hiyo risiti ninayorudi nayo ni ya ushuru wa mbuzi, si ya mbuzi. Mengine tunaandika kwa mkono kwenye hati ya malipo, muuzaji anaweka dole gumba, mtendaji wa kijiji anagonga muhuri, mimi nampiga picha bibi na mbuzi kwa kishikwambi. Gunia la mahindi 85,000, guta 10,000. Ilibaki 5,000, bibi akanunua chumvi na majani ya chai. Najua Jumatatu nitaulizwa.

Saa kumi tuko nyumbani kwa bibi, tembe ya vyumba viwili. Jirani amekuja kushangaa mbuzi, akaniuliza swali ninaloulizwa kila wiki: shule si bure, hawa wazungu wanalipia nini? Ada kweli hakuna. Nikamhesabia vilivyobaki: sare, viatu, daftari, mchango wa chakula cha mchana. Akaguna. Kwake wanasoma watatu, na hakuna hata mmoja aliyesajiliwa, kwa sababu nafasi hazikutosha. Ule mguno sikuwa na jibu lake.

Binti alikuwa anawafunga mbuzi kamba. Nikamweleza bibi, kwa sauti ya chini, kuhusu lile neno.

Bibi hakushtuka. "Mtu anayekupa mbuzi bila kukuuliza habari," akasema, "huyo ana haya. Babu yake huyu mtoto alikuwa hivyohivyo. Aliniletea kuni mwaka mzima kabla hajanisalimia."

Tukacheka. Lakini mjukuu wake hakucheka, na nina hakika alisikia.

Saa moja usiku nimerudi ofisini. Barua lazima ziskaniwe na kupandishwa kwenye mfumo kabla mtandao haujaanza kusuasua. Naweka karatasi, nabonyeza, naandika namba, nageuza. Faili la kijani nililiacha mwisho makusudi.

Mwongozo unasema barua isimwekee mfadhili shinikizo. Ningeweza kumwita binti Jumamosi ijayo aandike upya. Nimeshafanya hivyo kwa wengine, kwa mambo madogo kuliko hili. Lakini hapa pana jambo moja. "Upo?" ni salamu. Nusu ya mji huu tunasalimiana hivyo: upo? nipo, za siku? Mfasiri kule Arusha, mwenye rundo la barua mbele yake, atapita hapo bila kusimama. Atamwandikia mfadhili kwamba mtoto anamjulia hali. Hakutakuwa na shinikizo lolote. Mfadhili atasoma kwamba amesalimiwa, na binti atakuwa ameuliza alichouliza.

Fomu ina nafasi ndogo ya maelezo kwa mfasiri. Huwa naiacha wazi. Leo nimeandika: "Mstari wa 4 si salamu. Tafadhali uulize kama ulivyo." Nikafuta. Nikaandika tena.

Umeme ukakatika, ukarudi baada ya robo saa. Skana nayo ilikuwa imekata ukingo wa juu wa karatasi, mtandio wa yule mwanamke umeishia kwenye paji la uso. Nikaisogeza karatasi chini kidogo, nikaskani upya hadi maua yote matano yakaonekana.